Sheria Tatu na Nyumba ya Okello

Jumatatu, 3 Juni 2013

Mvua tangu asubuhi. Wateja wawili tu. Mashine ya fotokopi imekwama mara nne, na ilipokubali mara ya tano, Mungu akanionyesha kitu.

Msichana wa ofisi ya Wakili Jeruto alileta karatasi, kila moja itolewe nakala tatu. Mimi huwa sisomi karatasi za watu. Najisifu kwa hilo. Kibanda changu kiko hatua thelathini kutoka lango la mahakama. Napiga chapa hati za kiapo, nauza fomu, natoa ushauri hata bila kuombwa, na Eldoret nzima inajua kwamba Austine Oyugi anajua kufunga mdomo. Lakini karatasi ya juu ilikuwa na jina la marehemu kaka yangu. Okello!

Ni ombi la mirathi. Mwombaji ni Mwihaki, mjane wake. Mali ni ploti moja ya Langas yenye nyumba ya mawe ya vyumba vitatu. Mrithi ni Mwihaki peke yake. Barua ya chifu imeambatishwa, na chifu anasema marehemu hakuacha mtoto wala mzazi. Na ndugu je? Chifu ananijua vizuri sana. Barua zake zote huja kupigwa chapa kwangu! Hata hii niliipiga mimi mwenyewe, mwezi wa Aprili, siku niliyokuwa nikibishana na mtu wa maji. Sikutazama nilichokuwa nikiandika.

Nimezisoma zote, ukurasa kwa ukurasa, msichana akisubiri. Nimemwambia mashine inahitaji kupoa.

Vyumba vitatu vya mawe. Mimi na Lorraine tunapanga viwili vya mabati, na kanisani nimekuwa nikitangaza tangu 2010 kwamba tunakaribia kuhamia kwetu.

Jumatano, 5 Juni 2013

Nimeweka pingamizi! Kurasa kumi na moja. Nimegonga muhuri kila ukurasa, hata ule mtupu wa mwisho.

Hoja yangu ni moja na ni kubwa. Kwa mila ya Wajaluo, mwanamume akifa bila mtoto, mali yake inarudi kwa ndugu yake. Mila hii nimeisikia kwenye mazishi mengi. Ukweli ni kwamba mara nyingi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na chakula, lakini nimeisikia.

Jioni nimemweleza Lorraine. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la tatu, hivyo huniuliza maswali kwa upole kama ananisaidia kupata jibu. Ameuliza kama Mwihaki amenikosea. Nimesema hapana. Ameuliza ni nani aliyeshona nguo na kuuza sweta ili yale mawe yanunuliwe. Nimesema hilo si jambo la kisheria. Akaendelea kumenya viazi, maganda mazito kuliko kawaida.

Sikumtazama. Siku hizi kuna maswali mengi ambayo nikiulizwa natazama dirisha.

Ijumaa, 28 Juni 2013

Kesi imetajwa leo. Nimevaa suti ya harusi yangu. Imebana kwapani.

Wakili Jeruto ni msichana mdogo, viatu vya chini, sauti ya mwalimu wa nasari. Nilijua nitammeza. Nimesimama nikaeleza mila kwa dakika kumi na tano. Hata mimi niliguswa. Jaji, mama mwenye miwani ya kamba, aliandika kitu kimoja tu.

Ndipo Jeruto akasimama. Amesema mila inasikilizwa pale ambapo sheria iliyoandikwa imenyamaza au imeiachia nafasi. Kwenye urithi Bunge halikunyamaza. Kuna Sheria ya Mirathi, na yenyewe inasema ndiyo inayotawala mali ya kila aliyekufa baada ya kuanza kutumika mwaka 1981. Jaji akaniuliza kaka yangu alikufa lini. Nikasema Machi 2008. Akaniuliza kama kwa hesabu yangu 2008 ni kabla ya 1981.

Watu wakacheka. Karani wa mahakama pia, na huyo nimempigia chapa barua ya kuomba uhamisho bila malipo!

Nimeuliza kama mila haina nafasi hata kidogo. Jaji amesema inayo, ila iko chini ya sheria iliyoandikwa, na hata huko chini isiwe kinyume na haki. Kumbe nilikwenda kortini na silaha ya mwisho kabisa kwenye foleni. Lorraine amesema si ajabu. Hata hapa nyumbani mimi natoa amri, mwenye nyumba anatoa notisi, na inayofuatwa ni yake.

Jumamosi, 29 Juni 2013

Nimenunua Sheria ya Mirathi, nakala kuukuu, kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Nimeshinda kibandani naisoma. Nimefukuza mteja mmoja.

Kifungu cha thelathini na mbili! Mashamba, mazao na mifugo katika wilaya fulani havifuati Sheria ya Mirathi. Vinafuata mila! Sheria yenyewe imejitoa. Na hili nimelisikia mawakili wakilisema kortini: panapokuwa na kanuni ya jumla na kanuni iliyotungwa kwa jambo moja mahsusi, inayosimama ni ile mahsusi. Kwa hiyo mila yangu haijafa. Inahitaji shamba tu.

Wilaya hizo ni zipi? Kitabu changu hakisemi, ukurasa umechanwa. Lakini kama kuna mahali Kenya hii panapoitwa shamba, ni Uasin Gishu. Nchi nzima inakula ugali wetu.

Tatizo ni kwamba ploti ya Okello ni nyumba, choo, kamba ya nguo, na nyasi upande wa nyuma. Hilo linaweza kurekebishwa.

Jumatano, 3 Julai 2013

Nimelima. Kiuno changu si changu tena.

Nilimwambia Mwihaki nimekuja kumsaidia kusafisha nyuma ya nyumba, pamejaa nyoka. Nilitegemea anifukuze, nikaandike kwamba nimezuiwa. Hakunifukuza. Alitoka na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akanitazama na jembe langu, akasema kesi ni tarehe ishirini na mbili lakini chai ni ya sasa hivi, niingie. Kisha alivaa gambuti akaja kulima na mimi. Mstari wake ulinyooka. Wangu ulikwenda kwa jirani.

Nimepanda mahindi. Mahindi ya watu wengine yamefika kifuani. Kila aliyepita njiani alisimama kuniuliza kama niko sawa. Nimesema ni mbegu ya kisasa.

Mchana aliletwa ng'ombe. Ni wa Nabwire, mama mmoja wa Kesses anayepangisha wanafunzi vyumba. Amenipa kwa wiki tatu, kwa masharti kwamba asifokewe. Ng'ombe anaitwa Janice. Nimempiga picha tisa akiwa mbele ya nyumba, na moja akiwa ameweka kichwa dirishani, ili ionekane ni mwenyeji.

Wakati naondoka Mwihaki amenishukuru. Alisema tangu Okello afe hakuna mtu wa upande wetu aliyeshika hata jembe pale kwake. Amesema atalitaja kanisani.

Nimetembea hadi nyumbani nikiwa na tope mpaka magotini. Sikutaka boda boda. Sikutaka mtu yeyote aniulize natoka wapi.

Jumatatu, 22 Julai 2013

Sitaki kuandika. Naandika.

Hati yangu ya kiapo ilisema: "Janice ameishi kwenye ploti hiyo tangu tarehe 3 Julai, na anategemea mazao yake." Jaji amevua miwani akaniuliza Janice ni mtoto wa marehemu? Nimesema ni ng'ombe. Akauliza kama amehudhuria.

Jeruto hakucheka. Afadhali angecheka. Alifungua ukurasa ule ule ambao kwangu umechanwa, akasoma orodha ya wilaya. Nyingi ni za ukame, za wafugaji. Turkana imo. Wajir imo. Uasin Gishu haimo! Nimeomba irudiwe. Ikarudiwa. Haimo. Jeruto akaongeza kwa ile sauti yake ya nasari kwamba hata ingekuwemo, nyumba haigeuki shamba kwa sababu mtu amepanda mahindi wakati wenzake wanangoja kuvuna.

Jaji amesema kanuni mahsusi inaishinda ya jumla, ndiyo, lakini inashinda kwa wale iliyowataja tu.

Nimepitia Langas kumchukua Janice. Amekula mahindi yote, na suruali mbili za mazoezi za wateja zilizokuwa kwenye kamba. Mwihaki alikuwa amekaa kwenye cherehani anatafuta kitambaa cha rangi ile ile.

Alhamisi, 25 Julai 2013

Nimempigia simu baba mdogo, Mzee Amolo, kule nyumbani upande wa ziwa. Nilitaka aje atoe ushahidi wa mila. Nilifikiri jaji akimwona mzee mwenye fimbo atalainika.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nimejifunzia mila wapi. Mjane hatolewi katika nyumba ya mumewe. Ndugu wa marehemu ana kazi kwa mjane huyo kabla hajawa na haki yoyote. Akaanza kuniuliza. Nimewahi kumwezekea? Sijawahi. Nimewahi kumpelekea hata gunia la mkaa? Sijawahi. Ndipo akasema: "Austine, wakati ule wa vita Okello na mke wake walikaa kwenye hema miezi miwili. Wewe ulikuwa na nyumba hapo hapo Eldoret. Kwa nini hawakuja kwako?"

Nimesema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Basi niandike hapa, kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Walikuja. Ilikuwa tarehe mbili Januari 2008, saa tisa mchana. Lorraine alikuwa ameenda kwao Krismasi na hakuweza kurudi, barabara zilikuwa zimefungwa. Langas ilikuwa inawaka. Waliokuwa wakitafutwa ni watu wa kabila la Mwihaki. Watu wetu hawakuwa wakiguswa, isipokuwa wakipatikana wamewaficha hao. Mimi nilikuwa nimekaa nasikiliza kwenye redio habari za uchaguzi na za watu waliouawa. Mlango ukagongwa. Okello akasema, taratibu, "Austine, ni mimi. Niko na Mwihaki."

Nilizima redio. Hicho ndicho nilichofanya kwanza, nikazima redio. Kisha nikasimama katikati ya chumba, mkono mmoja mdomoni, mpaka wakaondoka. Na nani huzima redio ya nyumba isiyo na mtu?

Walikwenda uwanja wa maonyesho, walikokimbilia maelfu. Okello angeweza kurudi nyumbani Nyanza, hakuna ambaye angemgusa. Alikataa kumwacha mke wake. Machi ikaja na mvua, akashikwa na nimonia kwenye hema, akafa. Kwenye mazishi nilisoma tanzia. Niliandika kwamba tulipendana sana.

Naona haya. Nimeandika, na bado naona haya.

Jumapili, 4 Agosti 2013

Mahakama iko likizo mpaka Septemba. Mimi siko likizo.

Nimesoma kifungu kinachofuata. Mjane asiye na mtoto anakaa kwenye mali ya mumewe maisha yake yote. Sawa. Lakini! Akiolewa tena, haki hiyo inakwisha, na mali inarudi kwa wazazi wa marehemu, na kama hawapo, kwa ndugu. Ndugu ni mimi! Na hii si mila. Ni ile ile Sheria ya Mirathi ambayo Jeruto anaipenda. Nimeshindwa na sheria iliyoandikwa, basi nitashinda kwa hiyo hiyo.

Kinachotakiwa ni bwana harusi.

Leo kanisani nimekaa nyuma ya Johnstone. Ni mpishi wa kambi ya wanariadha kule Kaptagat. Yeye pia amefiwa, mke wake alifariki 2009. Ana mabega mapana, ana sauti ya besi, na hajawahi kumaliza sentensi mbele ya mwanamke. Baada ya ibada nimemwambia namjua fundi mzuri wa nguo Langas. Ameniambia kambini kuna suruali za mazoezi arobaini zinazohitaji kufupishwa.

Nilimwambia ampelekee zote. Zisiende kwa mkupuo mmoja. Ampelekee tano tano.

Jumanne, 20 Agosti 2013

Johnstone amekwenda Langas mara sita na hajasema kitu zaidi ya "inchi mbili." Imebidi niingilie. Nimemwandikia ujumbe wa simu autume:

"Kwa Mwihaki. Mimi niliyetajwa hapa chini, mtu mzima mwenye akili timamu, natamka kwa hiari yangu kwamba ninakuheshimu, na ninaomba fursa ya kusikilizwa."

Mwihaki amejibu akiuliza kama ameshtakiwa.

Johnstone alininyang'anya simu yake. Kesho yake akaandika mwenyewe, bila kuniuliza, kuhusu kusonga ugali wa watu arobaini, jinsi mwiko wake unavyolingana na kasia, na kwamba tangu mke wake afariki yeye hupikia watu wengi lakini hula peke yake. Amenionyesha baada ya kutuma. Nimemwambia hajaweka tarehe wala jina la mji.

Mwihaki alimjibu aje Jumapili kula. Nimefurahi sana. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi, na Lorraine amesema si kawaida yangu kumtakia mtu mema, akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Jumamosi, 12 Oktoba 2013

Wameoana!

Mimi nilikuwa mshenga, dereva wa keki na mpiga picha. Vijana wa kambini walikuja wote na suruali zao zilizofupishwa. Wakati wa kutia sahihi kwenye cheti nilisogea karibu kuliko mchungaji. Nimepiga picha kumi na mbili za cheti na mbili za maharusi.

Mwihaki alisimama kutoa shukrani. Alinitaja. Alisema shemeji yake Austine ndiye aliyewakutanisha, na kwamba familia ni kitu cha ajabu, mnaweza kuwa kortini na bado mtu akakutafutia wa kukaa naye. Watu wakapiga makofi. Lorraine alinipigia makofi pia, macho yamejaa machozi. Ilibidi nijifanye nimekabwa na wali.

Baadaye nilimkuta Mwihaki peke yake jikoni. Kwa upumbavu wangu, au kwa kutaka kujua, nikamuuliza kama Wakili Jeruto alimweleza sheria inasemaje juu ya mjane anayeolewa. Alikuwa anapanga sahani.

"Alinieleza kabla sijamjibu Johnstone," akasema. "Alisema naweza kupoteza nyumba. Nikamwambia, shemeji, kama ni kuhama, nimewahi kuhama."

Akanipa sahani nipeleke nje.

Nilikuwa na picha kumi na mbili za cheti mfukoni, zote zimetoka vizuri. Nimewaza kuzifuta. Nimewaza kabisa, kidole kilikuwa kwenye kitufe.

Jumanne, 5 Novemba 2013

Siku ya kusikilizwa. Nilitoa cheti cha ndoa. Nilisoma kifungu. Mara ya kwanza tangu kesi ianze, Jeruto hakuwa na tabasamu, na jaji aliandika ukurasa mzima. Hata karani alinitazama kwa heshima.

Kisha Mwihaki akapanda kizimbani. Jeruto alimwongoza kueleza ndoa yake na Okello, ujenzi wa nyumba, mwaka hadi mwaka. Akafika 2008. Jeruto akamuuliza kwa nini walikwenda kambini wakati marehemu alikuwa na jamaa hapa mjini.

Nilijua limefika. Lorraine alikuwa amekaa benchi la nyuma, ameomba ruhusa shuleni aje kuniona nikishinda. Kama Mwihaki angetaka kunimaliza, ilikuwa sentensi moja tu. Nisingeweza kutoka mlango ule nikiwa na mke, kanisa, wala jina.

Mwihaki alitazama mbele. Alisema, "Tulibisha kwa watu wetu. Hawakuwepo."

Jeruto akamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Hawakuwepo, wakili. Tuendelee."

Jaji akaniambia ni zamu yangu kumuuliza shahidi maswali. Nilikuwa nimeandika maswali ishirini na sita. Nikasimama. Nikasema sina swali.

Alisikia redio ikizimwa. Sasa najua alisikia. Mtu asiyejua angesema "labda hawakuwepo". Miaka karibu sita amenikaribisha chai akijua.

Nimekaa kibandani mpaka kufunga. Mteja ameniuliza kama nina msiba. Nimesema ndiyo, wa zamani. Nilikuwa naona haya mpaka kutazama kioo cha mashine ya fotokopi.

Ijumaa, 29 Novemba 2013

Hukumu.

Jaji alisoma taratibu. Alisema mila haina nafasi hapa, Bunge limeshasema. Alisema shamba langu ni mzaha. Kisha akafika kwenye kifungu changu, akakubali kwamba ndivyo kilivyoandikwa, mjane akiolewa haki inakwisha. Nilishamtazama Johnstone kumhurumia.

Lakini, akasema. Sheria hiyo ilitungwa zamani. Mwaka 2010 Wakenya walipitisha Katiba, na Katiba haishindani na sheria nyingine kama ndugu na ndugu. Iko juu ya zote. Hata imeagiza kwamba sheria zilizokuwepo kabla yake zisomwe kwa kurekebishwa mpaka zilingane nayo. Na Katiba inasema mume na mke wana haki sawa ndani ya ndoa na inapokwisha. Akaniuliza, kama angekuwa Mwihaki aliyekufa na Okello akaoa tena, kifungu kingemtoa nyumbani? Nikasema hakimtaji mwanamume. Akasema hapo ndipo kinapokufa. Kifungu kinachomwadhibu mwanamke peke yake kwa kuolewa atakisoma kama vile maneno hayo hayamo. Pingamizi limetupwa. Nyumba ni ya Mwihaki.

Kwa hiyo mila imeshindwa na sheria, sheria imeshindwa na Katiba, na mimi nimeshindwa na zote tatu.

Nje, Mwihaki alinifuata hadi kibandani. Nilijifanya napanga fomu. Alisema, "Shemeji, vifaa vya Okello vya kuchomelea viko stoo. Nilitaka kukupa tangu mwaka juzi, ni vya ndugu yako. Kesi ilipokuja nikaogopa utadhani nakuhonga uiache."

Nilitamani kumwambia hapo hapo. Maneno yalikuwa mawili tu. Nikauliza kama na mitungi ya gesi ipo.

Ipo. Nimekwenda nayo nyumbani kwa mkokoteni, pamoja na mashine. Niliona haya njia nzima, lakini nilivichukua.

Jumatatu, 2 Desemba 2013

Leo nimeamua kuwa mtu. Nimefunga kibanda saa nne asubuhi, nikakaa kwenye taipureta, nikamwandikia Mwihaki barua ya kuomba msamaha. Machozi yalinitoka kabisa. Hii hapa:

"Shemeji, siku ile nilikuwepo. Nisamehe."

Nikaisoma. Ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikajihisi mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

Nikaisoma mara ya pili kwa jicho la kisheria.

"Nilikuwepo" ni kukiri kwa maandishi. Karatasi kama hiyo ikifika kwa Jeruto inakuwa ushahidi. Sikusema nitakata rufaa. Lakini mtu mwenye busara hajifungii njia, na siku za kutoa notisi ya rufaa ni kumi na nne, tatu zimeshapita. Tena nimesikia kwa karani kwamba Bunge limepitisha sheria mpya kuhusu mali ya wanandoa, inangoja kusainiwa. Mpya! Na sheria ya baadaye huishinda ya kabla yake. Hii Katiba ni ya 2010. Sheria hiyo ni ya 2013. Nimehesabu kwa vidole, na sielewi jaji alivyoweza kutoliona jambo hilo.

Kwa hiyo nimerekebisha kidogo. Juu nimeweka "Bila Kuathiri Haki Zangu." Palipokuwa na "nilikuwepo" nimeweka "kuhusu lolote linalodaiwa kutokea, kama lilitokea." Neno "nisamehe" nimeliacha kama lilivyo. Nilikawia sana juu ya neno hilo, nikajiuliza kama nalo linakiri kitu. Nikaliacha. Nataka ijulikane kwamba nililiacha.

Nimegonga muhuri. Kisha nikapiga notisi ya rufaa, nakala tatu.

Ofisi ya Jeruto iko ghorofa ya nne na lifti ni mbovu. Nimeiweka barua ya Mwihaki pamoja na notisi kwenye bahasha moja, nisipande ngazi mara mbili.